Hukumu ya Vyombo Vipya

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi kingawa kidonda. Maneno haya ni machache, lakini yamebeba onyo ambalo kizazi chetu kinalihitaji kuliko vizazi vilivyotangulia. Babu zetu waliletewa chombo kipya mara chache katika umri wao. Sisi tunaletewa chombo kipya kila mwezi, na kila kimoja huja na tarumbeta lake. Leo tunaambiwa kwamba kitu fulani kitaondoa njaa. Kesho tunaambiwa kwamba kingine kitaondoa ujinga. Kesho kutwa tunaambiwa kwamba cha tatu kitafanya shule, benki na soko kuwa mambo ya kale. Na kijana asiyeshangilia huitwa mshamba.

Katika insha hii nataka kushindana na desturi hiyo. Nasema kwamba chombo kipya hakihukumiwi kwa maneno ya mwenye kukiuza, wala kwa hofu ya mwenye kukichukia, wala kwa wingi wa watu waliokuja kukitazama. Huhukumiwa kwa mwenendo wa watu wa kawaida baada ya tarumbeta kunyamaza: wakati zawadi imekwisha, msimamizi amekwenda zake, na fedha zinazotumika zinatoka katika mfuko wa mtumiaji mwenyewe. Atumiaye kipimo kingine hujidanganya. Na kama ana mamlaka, huwadanganya na wengine kwa gharama yao.

Chepkoilel iko katika nyanda za juu za Uasin Gishu, kiasi cha kilomita tisa kutoka mjini Eldoret kwa barabara ya Ziwa. Mahali hapa pamezoea mambo mapya. Mwaka 1946 walowezi walianzisha hapa chuo cha kuwafunza wakulima wa mashamba makubwa. Mwaka 1984 kiligeuzwa kuwa chuo cha ualimu. Mwaka 1990 kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Moi. Na mwaka 2013 kikapata hati yake chenyewe, kikaitwa Chuo Kikuu cha Eldoret. Hapa jembe na kitabu ni majirani wa siku nyingi, na kila mmoja amezoea kumwuliza mwenziwe maswali.

Siku moja nilihudhuria maonyesho ya kilimo mahali hapo. Watu walikizunguka kibanda kimoja ambapo kijana mtanashati alikuwa akirusha ndege ndogo isiyo na rubani, yenye kunyunyiza dawa juu ya mahindi. Ndege ilipaa, ikageuka, ikanyunyiza, ikatua palepale ilipoondokea. Watu wakapiga makofi. Kijana akasema, "Mnaona wenyewe jinsi wakulima walivyoipokea."

Katika umati alikuwamo mama mmoja mtu mzima, amevaa mabuti ya mpira na leso begani. Akauliza kwa upole, "Mwanangu, ni nani aliyeikodi mwaka jana, na mwaka huu ameikodi tena?"

Kijana akajibu, "Mama, mamia ya watu wamefika katika kibanda hiki tangu asubuhi."

"Hao nimewaona," akasema mama. "Nami ni mmoja wao, nimekuja kutazama. Nimekuuliza habari za aliyerudi."

Sisemi kwamba ndege ile ni mbaya. Huenda ikawa neema kwa wakulima wetu. Nasema tu kwamba kijana alihesabu macho, na mama alitaka kuhesabu miguu. Macho huenda popote penye kelele. Miguu hurudi penye manufaa. Swali la mama yule ndilo ninalotaka kulitetea, nami nitaita mashahidi.

Shahidi wa kwanza ni fedha ya simu. Inasimuliwa katika Eldoret kwamba mwaka 1912 kasha la chuma la benki lilianguka kutoka katika gari la kukokotwa, likawa zito mno kuinuliwa, basi benki ikajengwa palepale lilipoanguka. Iwe hadithi hiyo ni kweli tupu au imetiwa chumvi, inaonyesha vizuri jinsi mambo yalivyokuwa kwa miaka mingi: fedha zilikaa mahali pamoja, na watu ndio waliozifuata kwa miguu. Leo hapana mwanafunzi katika Kenya asiyejua kwamba mambo yamegeuka. Kwa M-Pesa karo hulipwa, maziwa hulipwa, na michango ya harusi na mazishi hukusanywa. Kwa kuwa tumeizoea, tunadhani ilibuniwa hivi tuionavyo na mabingwa waliokaa mezani wakatabiri kila jambo. Sivyo.

Kabla ya huduma hiyo kuwako, watafiti waliona katika Uganda, Botswana na Ghana kwamba watu wa kawaida walikuwa wameanza kutumiana salio la simu badala ya fedha. Katika Uganda, mtu aliyekuwa mjini alinunua kadi ya salio, akampigia mwenye simu ya biashara kijijini kwao, akamsomea tarakimu za siri. Mwenye simu alilitia salio lile katika simu yake, akakata ujira wake, kisha akampa mama wa mpigaji fedha taslimu. Hapana benki iliyowafundisha jambo hili, wala hapana serikali iliyowaamuru. Shida iliwafundisha, na chombo kilichokuwa mkononi kikageuzwa kazi.

Mwaka 2005 kampuni za Vodafone na Safaricom, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, zilianza jaribio katika Nairobi na Thika. Mpango uliandikwa vizuri: wakopaji wa shirika la mikopo midogo wapokee mikopo yao na kuilipa kwa simu. Lakini watu hawakuwa wameusoma mpango. Wenye biashara wakaanza kulipana wao kwa wao. Mwingine aliweka fedha zake jioni akazitoa asubuhi, maana benki ilikuwa imekwisha fungwa naye hakutaka kulala nazo. Msafiri aliweka fedha mwanzo wa safari akazitoa mwisho wa safari, ili asinyang'anywe njiani. Mwingine alimlipia deni mwenzake aliyekuwa mbali, na mwingine akawatumia jamaa zake.

Wenye mradi walikuwa na njia mbili mbele yao. Wangaliweza kusema, "Watu hawa wamekosea, na wafundishwe upya." Walichagua njia ya pili. Walitazama mikono ya watu, wakauweka kando mpango wa mikopo, na mwezi wa Machi 2007 wakaifungulia nchi nzima huduma yenye shabaha moja nyepesi kueleweka: kutuma fedha nyumbani. Miezi michache baadaye yalitokea machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambayo Eldoret na vitongoji vyake haviwezi kuyasahau. Katika sehemu nyingi za nchi maduka na benki yalifungwa na barabara zikazibwa. Watu waliokwama walipata salio na fedha kutoka kwa jamaa zao kwa njia ya simu. Tangu hapo hapakuwa na haja ya tarumbeta.

Lakini labda utasema kwamba kilichoshinda ni ubora wa chombo chenyewe, na kwamba chombo bora hushinda kila mahali. Tazama basi Afrika Kusini. Kampuni ya Vodacom ilianzisha M-Pesa huko mwaka 2010, kwa tumaini la kupata wateja milioni kumi. Iliizindua upya mwaka 2014. Ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inaifunga, wateja walioitumia kwa kweli walikuwa kiasi cha 76,000 tu. Jina lilikuwa lile lile, na fikira ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni maisha ya watu. Huko wengi walikuwa na akaunti za benki na kadi, na njia nyingine za kutumiana fedha zilikuwa zimekwisha kuzoeleka. Kiu haikuwapo, na maji hayanywewi kwa sababu ya uzuri wa mtungi.

Shahidi wa pili ni matatu. Mwaka 2014 serikali ya Kenya iliagiza kwamba kuanzia Julai mosi nauli isilipwe tena kwa fedha taslimu, bali kwa kadi. Kadi zilikuwa tayari. Mojawapo ilikuwa BebaPay, iliyoanzishwa mwaka 2013 na kampuni ya Google pamoja na benki ya Equity. Fikiri, msomaji: upande mmoja ilisimama mojawapo ya kampuni kubwa kabisa duniani, na benki kubwa, na amri ya serikali, upande wa pili alisimama makanga, ananing'inia mlangoni. Aliyeshinda ni makanga. Siku ya mwisho iliahirishwa, amri ikafifia, na mwaka 2015 BebaPay ikafungwa.

Wako waliosema kwamba umma haukuelimishwa vya kutosha. Nawaomba watu hao wapande matatu wakae kimya, watazame. Makanga hununua mafuta kwa fedha za safari ile ile. Jioni, yeye na dereva huchukua ujira wao kabla ya kwenda kulala. Nauli hupanda mvua inyeshapo, na hushuka abiria wapunguapo. Abiria aliyepungukiwa na shilingi kumi huomba, na aghalabu husamehewa. Kadi haikujua kuomba wala kusamehe. Tena aliyeitaka kadi ni mwenye gari, ili aione kila shilingi iliyoingia. Na walioshika usukani na mlango hawakuitaka kwa sababu iyo hiyo. Na zile shilingi zilizozoea kushuka njiani kwa siri, mkono hadi mkono, hazikupenda kuandikwa popote. Kwa hiyo chombo kilibuniwa kwa faida ya mtu mmoja, kikatarajiwa kuchukuliwa kwa furaha na mwingine ambaye kilimpunguzia riziki. Hapo kosa si la umma; kosa ni la hesabu.

Ushahidi kwamba umma haukuwa mjinga ulikuja wenyewe. Panda leo matatu ya kutoka mjini Eldoret kuja Chepkoilel, utamsikia makanga akimtajia mwanafunzi namba ya simu, na nauli hutumwa kabla gari halijafika. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, na ada ya kutuma fedha kidogo ikaondolewa kwa miezi kadhaa, desturi hii ilipata nguvu zaidi. Kumbe watu hawakukataa kulipa nauli bila fedha taslimu. Walikataa kadi. Walingoja mpaka jambo hilo lilipokuja kwa njia iliyokubaliana na maisha yao, ambapo makanga huipata riziki yake mkononi na abiria hahitaji kubeba kitu cha pili. Aliyesikiliza midomo ya watu mwaka 2014 aliambiwa kwamba wanapinga maendeleo. Aliyetazama mikono yao alijua kwamba wanapinga hasara.

Shahidi wa tatu anakaa jikoni. Kwa miaka mingi watu wenye nia njema wamelisifu na kulileta Afrika jiko la jua. Hesabu yake kwenye karatasi haina ila: jua ni bure, kuni ni ghali, na misitu inakwisha. Lakini ugali wa jamaa hupikwa jioni, jua likiwa limekwisha tua. Tena ugali husongwa kwa nguvu, na sufuria inataka kukaa imara. Na katika Uasin Gishu, ambako tunaishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, moto wa jioni si wa kupikia tu. Ndio blanketi la nyumba. Mambo hayo yote yanajulikana na mtoto wa miaka sita, lakini hayakuingia katika hesabu ya mtaalamu.

Linganisha na jiko la bati lenye utumbo wa udongo, ambalo lilianza kuenea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Halikumtaka mama abadili chakula chake, wala saa yake ya kupika, wala mahali pake pa kukaa. Lilianzia kwenye jiko la bati alilokuwa nalo, likaongezwa udongo ndani, likapunguza makaa yaliyoteketea bure. Mafundi wa jua kali walilifua kwa nyundo zao, watu wakalinunua kwa fedha zao, na lilipochakaa wakanunua jingine. Hili la mwisho ndilo jambo kubwa. Walinunua jingine. Hivyo mafundi wa jua kali walifanya ambalo jiko la jua halikuweza kufanya.

Mashahidi wangu wamesema. Sasa nageukia wale ninaoshindana nao, nao ni makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la wapambe. Hawa husifu kila kipya kwa sababu ni kipya. Ukiwauliza chombo kinafanya nini, hukueleza kitakachofanya baadaye. Daima wanakaa katika wakati ujao, na wakati ujao haufikiwi na swali. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini wao huona kutembezwa kwingi kuwa ndiyo dalili ya uzuri.

Kundi la pili ni la wenye kuchukia. Hawa hulaani kila kipya kwa sababu hiyo hiyo. Wako waliosema kwamba hapana mtu mwenye akili atakayekabidhi fedha zake kwa mwenye duka la kando ya njia ili zisafiri hewani. Leo watu hao wanalipwa malipo ya uzeeni kwa simu, nao hawakumbuki walichosema. Mpambe na mwenye kuchukia huonekana kama maadui, lakini ni ndugu. Wote wawili wamehukumu kabla ya kutazama.

Kundi la tatu ndilo la hatari kuliko yote, maana mara nyingi lina mamlaka na mfuko wa fedha. Ni kundi la wale ambao, chombo chao kinapokataliwa, huwalaumu watu. Husema, "Wananchi hawajaelimika." Kwa kauli hii moja hujisamehe kosa, huwatukana waliolipa gharama, na huomba fedha za kurudia kosa lile lile. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkulima anayekataa mbegu, mama anayekataa jiko, na makanga anayekataa kadi, aghalabu wanajua kitu ambacho mleta chombo hakijui. Mtu mwenye busara huuliza kitu hicho ni kipi. Mtu mwenye kiburi huandaa semina.

Hata hivyo si haki kukimbia hoja zinazoelekezwa kwangu, na ziko mbili zenye uzito.

Ya kwanza ni hii: umati wa watu unaweza kudanganya. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2023, watu kwa maelfu walijipanga katika jumba la KICC, Nairobi, ili mboni za macho yao zipigwe picha na mitambo ya mradi wa Worldcoin. Aliyehesabu vichwa angeapa kwamba Wakenya wameupenda mradi huo. Lakini kila aliyepigwa picha alipewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya kiasi cha shilingi 7,000, na wengi walisema waziwazi kwamba hizo ndizo walizozifuata. Serikali ilisimamisha kazi ile Agosti 2, na mwaka 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa za miili ya watu zilizokusanywa zifutwe. Je, mfano huu unavunja hoja yangu? La, unaikaza. Mstari ule ulikuwa ni mwenendo wa watu, lakini ulikuwa mwenendo mbele ya zawadi. Ondoa zawadi, kisha uhesabu waliobaki mstarini. Ndiyo maana mama wa Chepkoilel hakuuliza waliofika, aliuliza aliyerudi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Watasema: "Kamari ya simu inarudiwa kila siku, na kwa fedha za mchezaji mwenyewe. Je, kwa kipimo chako, kamari ni njema?" Najibu kwamba mwenendo wa watu hutuambia chombo ni nini, hautuambii kama kinastahili kupendwa. Kazi ya pili ni ya dhamiri na ya sheria. Lakini dhamiri na sheria haziwezi kufanya kazi yao kama hazijaonyeshwa ukweli. Simu iliyosifiwa kuwa benki ya maskini imekuwa pia, katika mikono ya vijana wengi, meza ya kamari inayolala nao kitandani. Hapana tangazo lililotuonya. Tumejua kwa kutazama watu. Daktari huanza kwa kupima homa, kisha ndipo atoapo dawa. Na anayekataa kupima kwa kuwa homa ni kitu kibaya hatamponya mtu.

Haya yote, kijana msomaji, si mambo ya watu wazima peke yao. Yamekwisha kukufikia darasani. Mwaka 2013 taifa liliahidiwa kwamba watoto wa darasa la kwanza watapewa kompyuta. Kuanzia mwaka 2016 vishikwambi zaidi ya milioni moja vilipelekwa katika shule za msingi, na sehemu ya kazi hiyo ilipewa ushirika uliokuwamo Chuo Kikuu cha Moi, jirani yetu hapa Eldoret. Taarifa zilihesabu kwa uangalifu vishikwambi vilivyofikishwa. Ni wangapi waliohesabu saa vilizotumiwa? Katika shule nyingi vilifungiwa kabatini, kwa hofu ya wezi, au kwa sababu walimu hawakupata mafunzo ya kutosha. Mwalimu mkuu aliyevifungia hakuwa adui wa elimu. Alijua kwamba kishikwambi kikipotea ataulizwa, na kisipotumika hataulizwa na mtu. Mwenendo wake uliifuata njia aliyochorewa. Kama wakubwa wangaliuliza kila muhula, "Ni somo gani limefundishwa kwa chombo hiki, na watoto wamejua nini wasichokijua?" makabati mengi yangalifunguliwa, au fedha zile zingalinunua kitu kingine chenye manufaa zaidi.

Na leo tarumbeta kubwa kuliko yote linapigiwa akili mnemba. Wako wanaosema kwamba itampa kila mwanafunzi mwalimu wake mwenyewe asiyechoka. Wako wanaosema kwamba itaua akili za kizazi kizima. Usiwaamini hawa wala wale. Unaye shahidi aliye karibu zaidi, naye ni wewe. Siku ile ya likizo ulipoifungua, mwalimu akiwa hayupo na mzazi amelala, uliiomba nini? Uliiomba ikueleze jambo lililokushinda, au uliiomba insha iliyokamilika ili ubadili jina tu? Na ulipoifunga, je, uliweza kufanya peke yako jambo ambalo jana hukuliweza? Katika chumba cha mtihani utaingia na kalamu na kichwa chako. Jibu la maswali haya matatu lina thamani kuliko hotuba zote zitakazotolewa juu ya chombo hicho, nalo linajulikana na mtu mmoja tu.

Nakupa basi kazi ndogo. Chukua daftari, chagua chombo kimoja kipya katika shule yako au nyumbani kwenu, iwe ni mashine ya maji, programu ya simu au mbegu mpya. Kwa muda wa mwezi mmoja andika mambo manne: nani alikitumia, alikitumia kwa kazi gani, nani alikiacha, na nani alirudi. Usiandike walichosema juu yake. Mwisho wa mwezi linganisha daftari lako na tangazo la mwenye kukiuza. Ukikuta vinapatana, kisifu bila woga, hata kama wazee wanakicheka. Ukikuta havipatani, sema hivyo bila woga, hata kama wenzako wanakiimba. Nchi yenye vijana elfu wenye madaftari ya namna hiyo haitauziwa upepo kwa urahisi, na mabaraza yake hayatakopa fedha kununua vitu vya kufungia kabatini.

Wakulima wetu wana desturi moja ambayo haijapitwa na wakati. Ghala la nafaka la taifa hudai mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, nalo lina mashine ya kupimia. Lakini mkulima, kabla hajakodi lori, huitia punje kinywani akaiuma. Ikipasuka kwa mlio mkavu, hupakia magunia; ikibonyea, huyarudisha juani. Haidharau mashine ya ghala. Hataki tu kusafiri kilomita nyingi kwa kutegemea sura ya gunia.

Chombo kipya ni mgeni, na mgeni hupokewa kwa heshima. Mkaribishe ndani, mpe kiti, msikilize habari zake. Lakini wahenga walitufundisha kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu mpe jembe. Mpe jembe, kisha keti pembeni umtazame akilima. Jioni utajua kama ni wa kukaa naye au ni wa kusindikizwa.